Mke Mwenza wa Chuma Pale Ilomba

Saa moja asubuhi, Jumamosi, na baridi ya Mbeya ingali inauma. Mzee Liberatus anachomeka mtaimbo kwenye tundu la gurudumu la injini namba tatu, anatema mate viganjani na kumgeukia mkewe.

"Mama Goodness, tayari?"

"Kamwene, mke mwenza," Benedicta anaisalimu injini kwa Kihehe, kisha naye anashika mtaimbo. Wanasukuma. Gurudumu linasogea kidogo, kwa kunung'unika.

Hiki kilikuwa kituo cha Ilomba cha kufua umeme kwa mafuta. Liberatus alikuja hapa kutoka Kalenga, Iringa, akiwa kijana, akawa mwendesha mitambo. Injini tano zilinguruma usiku kucha, na watoto wa kota walibembelezwa na mngurumo huo. Mafuta yalipopanda bei na umeme wa gridi ukafika, zikazimwa moja baada ya nyingine. Yeye akabakizwa kuwa mlinzi.

Injini isiyozungushwa hushika kutu ndani ikaganda. Hakuna aliyemtuma, lakini kila Jumamosi akawa anaitia oili injini moja na kuizungusha. Zote tano asingeziweza, akachagua ile aliyoanzia kazi.

Nyumbani hakusema kitu. Balaa likaanzia hapo.

"Mlinzi wa usiku, asubuhi kumekucha, bado anafanya nini kazini?" anasema Benedicta akicheka. "Nikajua tu, mwanamke huyo. Nikajifunga khanga, nikamfuata. Namkuta baba Goodness amekumbatia chuma, jasho linamtoka! Nililia. Sijui kwa hasira, sijui kwa huruma."

Tangu goti la mumewe lianze kumsumbua, yeye ndiye anayesukuma zaidi.

Sasa kituo kinabomolewa. Injini nne zimeshakatwa na kuuzwa kama vyuma chakavu. Hii iliyobaki, chuo kimoja cha ufundi mjini Iringa kinaitaka wanafunzi wajifunzie, kwa sharti moja tu, iwake. Mafundi wanakuja Jumatatu kuijaribu. Isipowaka, nayo inakatwa.

"Wiki nzima sijalala vizuri," anakiri Liberatus. "Naogopa kuliko siku ya ndoa."

"Siku ya ndoa hukuogopa, ulichelewa," anadakia mkewe.

Na ikiwaka? Mzee anafuta mikono kwa kitambaa, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Nimeshawaomba mafundi. Wa kuiwasha awe mama Goodness. Miaka yote ile tunaziwasha sisi wanaume, yeye alikuwa anazisikia tu kutoka jikoni."