Pampu Niliyoifunga kwa Mkono Wangu

Kwetu mtu akikuuliza habari huwezi kumjibu "nzuri" ukapita, maana utakuwa umemtukana. Unakaa. Unampa habari ya mvua, ya malisho, ya njia, nani kaoa, nani kazikwa, ngamia wa nani kapotea na alionekana wapi. Anayeficha habari ni mchoyo kuliko anayeficha maziwa. Nililelewa hivyo, na nilikuwa msemaji kweli kweli.

Wakati wa vita vya shifta, serikali ilipopigana na waasi wa kwetu, mimi na mdogo wangu tulikuwa na lori moja kuukuu la dizeli pale Garissa. Spana zilikuwa zangu, usukani ulikuwa wake. Siku hizo huwezi kwenda Modogashe peke yako. Unangoja siku ya msafara, malori yote yanatoka pamoja na askari, na amri ni moja: anayebaki nyuma hasubiriwi. Msafara mmoja lori la mwisho lilisimama kutia maji kwenye rejeta. Waliopita baadaye walilikuta kando ya njia, vyuma vitupu vilivyoungua, na dereva wake hakuonekana tena.

Baada ya lile kuteketea, lililobaki kongwe kuliko yote lilikuwa letu. Pampu ya dizeli, ile inayosukuma mafuta kwa presha mpaka kwenye injini, ilikuwa imechoka. Likiingia mchangani lilikohoa na kufa nguvu. Mdogo wangu alirudi safari moja akiwa kimya, yeye ambaye hata akila alikuwa anacheka. Nikamuuliza kulikoni.

"Aboowe," alisema, maana mimi ni kaka mkubwa, "niliona vumbi lao linaisha mbele yangu. Nikabaki na njia tupu."

Niliogopa, wallahi. Mtu huyo nilimbeba mgongoni tukihama na mifugo, kabla hajajua kutembea. Niliapa hatabaki nyuma tena.

Fundi wa pekee mjini alikuwa ameshafunga virago akarudi Kenya, kama tulivyoiita nchi yote ya ng'ambo ya mto. Nikasema, fundi ni nani? Fundi si mikono? Kulikuwa na lori kubwa la wajenga barabara lililopinduka na kuachwa, injini yake ya aina moja na yetu ila kubwa zaidi. Nikamwendea mlinzi wake na mbuzi wawili, nikarudi na pampu imefungwa kwenye gunia. Mdogo wangu aliitazama akacheka. "Hii ni ya kuvuta nyumba, si lori!"

"Wewe shika taa ya mbele uoshe," nikamwambia, "mambo ya pampu niachie mimi."

Ilinichukua siku tatu chini ya turubai, upande ule unaoitwa Iftin leo. Matundu ya boliti hayakulingana, nikayapanua kwa tupa mpaka viganja vikatoka malengelenge. Mabomba ya mafuta, yale membamba ya chuma, niliyapinda upya moja moja, na moja nikalivunja, nikalitukana, nikatafuta jingine. Dizeli niliichuja kwa kitambaa cha mama cha kichwani, naye akanisema mpaka jioni. Ngumu kuliko yote ilikuwa alama. Kuna mstari mwembamba kwenye pampu na mwingine kwenye shafti inayoizungusha, na lazima mistari hiyo ikutane sawasawa, la sivyo mafuta yanaingia wakati si wake na injini inapiga mateke. Nililegeza, nikasogeza, nikakaza, nikalegeza tena. Mara ya tisa ikakubali.

Nikatoa hewa kwenye mabomba mpaka dizeli ikatoka bila povu. Mdogo wangu akasema bismillahi, akawasha. Lo! Lile zee lilinguruma, moshi mweusi ukapanda juu ya mapaa, na kuku wa jirani wakakimbilia uani. Alilizungusha mtaa mzima akipiga honi. Sijawahi kujipenda kama nilivyojipenda siku ile.

Mama alitoka mlangoni. "Semeni mashallah," alituambia, "na mfunge midomo. Kuna habari haitolewi."

Mdomo wangu ufungwe? Ng'o! Nilikwenda moja kwa moja kwenye mkahawa wa madereva. Walikuwepo wanne watano, na mpishi wa kambi ya jeshi aliyekuja kununua sukari. Wakaniuliza habari, nami nikawapa zote, jinsi nilivyoipata pampu, nilivyopinda mabomba, nilivyoitafuta alama. Nikamaliza kwa kuwaambia kuwa safari hii wote watakula vumbi la mdogo wangu. Walicheka. Mpishi alicheka kuliko wote, akasema hiyo ni habari njema. Nikamlipia chai.

Msafara ulitoka Alhamisi asubuhi. Sikwenda, vibali vya abiria vilikuwa vya kuhesabika, na mimi sikupata. Lori letu lilipanda kutoka mjini bila kukohoa hata mara moja. Nililisikiliza mpaka mlio ukapotea.

Jumamosi baada ya adhuhuri niliingia mkahawani. Nikatoa salamu, wakaitikia. Kisha nikangoja waniulize habari.

Hakuna aliyeuliza. Watu niliokua nao, watu wanaoweza kukushika nusu siku wakidai habari ya mbuzi, walitazama vikombe vyao. Nikavuta kiti, nikakaa bila kukaribishwa.

Dereva mmoja mtu mzima, aliyekuwa kwenye msafara ule, akaja akakaa karibu nami. Alisema tangu mabomu ya ardhini yaanze kufukiwa njiani, madereva wanafuata nyayo za magurudumu ya lori lililotangulia, hawatoki nje hata kwa shibiri moja. Kwa hiyo hakuna anayetaka kuwa wa kwanza. Alhamisi ile, kabla hawajaondoka, mkubwa wa askari wa msafara alishuka kwenye gari lake akapita akiyatazama malori.

"Aliuliza," dereva akasema, "'Lile lenye pampu mpya ni lipi? Nimesikia lina nguvu. Litangulie, tusichelewe mchangani.'"

"Na ndugu yangu akasemaje?"

"Aliinua mkono. Alikuwa anacheka."

Mdomo huponza kichwa, wasema Waswahili, lakini wangu uliponza kichwa kisichokuwa changu. Nilimtoa nyuma kwa mikono yangu, nikamweka mbele kwa ulimi wangu.

Baadaye waliniletea kilichobaki cha injini baada ya bomu kulipuka chini ya lori. Sehemu ya mbele ilikuwa imepasuka, lakini pampu ilikuwa bado imeshikilia mahali pake. Niliifuta masizi kwa kitambaa kile kile cha mama, nikainama kutazama mistari miwili. Ilikuwa imekutana sawasawa, kama nilivyoiacha.

Watu wanasema nimekuwa na kiburi uzeeni. Wananiuliza habari, nami nawajibu "nzuri" nikapita.