Mikate Miwili ya Kwenda Iowa

Dukani kwetu kulikuwa na mkate wa sasa na mkate wa njia. Mkate wenyewe ni uleule, mrefu, ganda linavunjika na ndani laini, na nyama ni ileile ya nguruwe. Wa sasa unapakwa sosi, unajazwa karoti na figili za siki, kotimiri na pilipili, mtu anaula amesimama akisubiri treni. Wa njia hautiwi kitu chenye maji. Mboga za siki zinakwenda kwenye kifuko chake na pilipili kwenye karatasi yake, ili mtu akifungua jioni, yuko mbali, asikute uji.

Mwenye duka alikuwa mama wa Kivietinamu, mfupi, mkali, hacheki na mtu kabla ya saa nne asubuhi. Wapwa zake walimwita Shangazi kwa lugha yao na sisi wafanyakazi wengine tukafuata. Duka lilikuwa Saint Paul, Marekani, kwenye barabara ya University, na kituo cha treni, ambayo wakati ule ilikuwa bado mpya, kiko katikati ya barabara mbele ya kioo chetu. Treni ikionekana, Shangazi anagonga meza kwa mpini wa kisu na sisi tunaongeza mwendo. Kwao aliuza mikate akikimbia kando ya mabehewa. Mimi niliuza mihogo ya kuchemsha na ndagala, dagaa wa ziwani, kwenye reli ya Kalemie, kwetu Kongo, hivyohivyo, dirishani. Kiingereza chetu sote kilikuwa cha kuokoteza, ila kwa hilo tulielewana.

"Kwenu mkate alileta nani? Mfaransa?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Mbelgiji."

"Yuleyule tu," akasema, akanipa kisu.

Mwaka huo mume wangu alipunguzwa kazini. Akasema anakwenda Iowa, jimbo la jirani, kwenye kiwanda cha nyama, atakaa kwa dada yake.

Niseme nilichoogopa, maana haikuwa njaa. Kabla ya vita tulizaa watoto wawili, wa kike na wa kiume. Waliuawa siku moja, na aliyewaonyesha wenye bunduki nyumba yetu ni fundi cherehani aliyekuwa akitushonea nguo. Jina lake silitaji hapa, lakini yeye ndiye, na nasikia bado anashona. Hatukubaki na picha hata moja. Watoto tulio nao sasa walizaliwa kambini Tanzania, hawakuwaona ndugu zao. Ndugu na majirani waliowajua walikwisha. Kwa hiyo duniani humu wale wawili walikuwa wanajulikana na mimi na baba yao, basi. Tulikuwa tunawazungumza jikoni tukimenya viazi. Mmoja akisahau, mwenzake anamkumbusha. Ndiyo maana aliposema safari, nilijiuliza, huyu asiporudi nitakumbuka na nani?

"Miezi mitatu tu, mama watoto," aliniambia. "Mbona unanililia kama nimekufa?"

Asubuhi ya safari alipita dukani na begi lake. Treni ingempeleka hadi kituo cha mabasi.

"Nifungie miwili ya njia. Mmoja usitie nguruwe."

"Tangu lini wewe ukakataa nguruwe?"

"Si wangu. Kuna mwenzangu tunasafiri naye."

"Msomali?"

"Eeh," akasema. "Msomali."

Wasomali wamejaa mji huu na viwandani wako wengi, sikuona ajabu. Nikaosha kisu kwa maji ya moto na sabuni. Nikatoa ubao mwingine, nikavaa glavu mpya, nikakaanga mayai kwenye kikaango ambacho hakijagusa nyama siku hiyo. Shangazi akanitazama.

"Nini?"

"Wa Mwislamu."

Akatikisa kichwa kukubali, akaongeza matango kwa mkono wake.

"Mwambie kila kitu ni safi, asiogope," nikamwambia mume wangu. "Na maini ya nguruwe ya kusaga sikupaka. Anaitwa nani?"

Akageuka kuangalia kama treni inakuja. "Hatujazoeana bado."

Nyuma yake kulikuwa na nesi mmoja wa Kenya, mteja wetu, anatoka zamu ya usiku. "Ai, mama! Huyu mzee anapendwa jamani! Sisi wengine tunatupiwa tu kama kuku." Watu wakacheka. Nami nikacheka.

Akanishika bega, akachukua mikate, akavuka barabara. Nikamfuata kwa macho kupitia kioo. Pale kituoni, nyuma ya mashine ya tiketi, akatokea mwanamke anavuta sanduku. Alikuwa wa kwaya yetu. Huyo alilelewa Usabato, nguruwe hagusi, na kwenye sikukuu za kanisa ni mimi niliyekuwa namchemshia mayai. Watu walikuwa wakimtania, "Mpeni mtoto wa Sabato mayai yake!" naye anajibu, "Dada yangu huyu ndiye anayenijua." Mume wangu akampa mkate. Akaunusa, akautia kwenye mkoba.

Shangazi akagonga meza. Treni ikaja ikawafunika, na ilipoondoka kituo kilikuwa kitupu. Shangazi alitazama kituo, akanitazama mimi, akanitoa kisu mkononi. "Kaa," akasema. Akafunga mikate yangu yote iliyobaki, na wateja walioanza kuuliza aliwakaripia.

Wakosaji nawataja. Wa kwanza ni mume wangu. Wa pili ni wifi yangu, aliyekuwa ananipigia simu akisema, "Mruhusu kaka aje ahangaikie watoto," kumbe ameshaandaa chumba cha watu wawili. Wa tatu ni mchungaji wetu. Jumapili iliyotangulia alimwombea yule mwanamke safari njema mbele yetu sote, eti anakwenda kumuuguza mama yake mdogo. Nilipomwendea aliniambia, "Mama, mambo ya ndani ya nyumba za watu mimi nitayaingiliaje?" Siku ya mchango wa gitaa la kanisa aliingia hadi jikoni kwangu.

Jioni ya siku ile ya safari simu ikalia. Watoto walikuwa mezani.

"Tumefika salama," akasema. "Msomali anakushukuru sana. Amesema mkate ulikuwa mtamu."

Kutwa nzima nilikuwa nimepanga matusi, mengine ya Kibembe, lugha ya kwetu, ambayo sikuyatamka tangu ujana. Nilipofungua mdomo hayakutoka. Nikajikuta namuuliza, "Baba watoto, yule mdogo wa wale wawili, lile kovu la moto lilikuwa mguu gani?"

"Kwa nini unauliza leo?"

"Niambie tu."

"Wa kulia," akasema. "Au... ngoja. Ngoja kidogo." Alikuwa anatafuta kweli, namjua. Kisha nikasikia sauti ya kike inamwita, taratibu, kama mtu anayemwita mwenye nyumba aje kula.

"Nitakupigia kesho," akasema.

Hakupiga. Nilipompigia baada ya wiki, namba ilikuwa haipatikani tena, na wifi yangu akasema hana nyingine.

Mimi nafikiri ulikuwa mguu wa kushoto. Watoto wakiniuliza habari za kaka yao nawaambia ni wa kushoto, nasema kama mtu mwenye hakika, na hakuna wa kunibishia.