Kile Chuma cha Mlangoni

Leo Likoni nzima imenisikia nikifoka, na sioni haya.

Mjukuu wangu Twalibu kaja na mtungi wa gesi ile ya kuongeza gari mbio. Kanunua taa za rangi na geji inayong'aa. Mtungi kaufunga kwa kamba ya mbuzi!

"Kishikio cha chuma ki wapi? Na bomba la kutolea gesi nje?"

"Bibi nawe! Hivyo nani ataviona? Kamba yatosha."

Kamba yatosha. Wallahi ni maneno yale yale, na sauti ile ile, ya babake, mwanangu, miaka ya tisini.

Gari la babake huyo lilikaa juani Changamwe, mtungi ukapasuka naye yumo ndani.

Twalibu alikuwa mchanga. Ajua ni ajali tu, ya mtungi hakuambiwa.

Nikamwonyesha kile chuma kinachozuia mlango wetu, anachokiruka tangu utotoni.

"Kiokote. Hicho ni kichwa cha mtungi wa babako."

Kakiokota.

Kaenda dukani, karudi na kishikio na bomba. Chuma kakiweka garini, mbele ya usukani, hataki kunirudishia.

Nyinyi wenye wajukuu, mwasemaje?

Mlango wangu, sasa hauna cha kuuzuia, wagongagonga tangu alasiri. Ni upepo, najua. Lakini kila ukigonga, maneno yanitoka: "Karibu, mwanangu."