Jina Nililoliacha Mlangoni

Sifa ni zake Mungu aliyempa kila mtoto uso wake, akaujua kabla mama hajauona. Nimemshukuru kwa mengi katika umri huu. Leo namshukuru kwa ajili ya alasiri moja katika ukumbi wa Homa Bay.

Naishi nje kidogo ya Awendo, ambapo matrekta ya miwa hupita mbele ya lango tangu alfajiri. Namlea mjukuu wangu, msichana wa miaka kumi na mitatu. Jumapili moja alisoma somo la kwanza kanisani, amefunga kitambaa cheupe nilichomshonea mwenyewe, na hakukwama hata mara moja. Nikampiga picha kwa simu. Nikaituma katika kundi la akina mama wa kanisa, halafu nikaiweka mahali ambapo kila mwenye namba yangu angeiona. Nilijaa fahari, sikufikiri zaidi ya hapo.

Baada ya wiki chache mwalimu mkuu wa shule yake, mama mpole, aliniita ofisini na kufunga mlango. Alinishikia simu huku kiganja chake kimefunika karibu kioo chote.

"Nakuonyesha uso tu, mama. Mengine usiyaone."

Uso ulikuwa wa mjukuu wangu, na kitambaa kilikuwa changu. Mwili haukuwa wake. Mtu alikuwa ameichukua picha yangu, akaipa programu ya akili bandia, nayo ikamtengenezea picha ya aibu ambayo haikuwahi kupigwa. Sasa ilikuwa inazunguka kwenye simu za watu sokoni.

Mjukuu wangu aliacha kusoma kanisani. Chakula alikionja tu. Mtu akitoa simu karibu naye, hata kama ni kuangalia saa, aliinuka akaenda nyuma ya jikoni.

Nilikwenda kituo cha polisi. Afisa aliyenipokea alikuwa kijana mwenye adabu. Aliuliza mtoto alipigwa picha lini, na nani. Nikasema picha ile haikupigwa na mtu, ilitengenezwa na mashine. Aliiweka kalamu mezani.

"Mama, hata mimi nina binti," alisema. "Lakini hapa naulizwa nani alimfanya nani nini. Sijui niandike vipi." Kisha akaniambia kwamba kamati ya wabunge ilikuwa inakuja Homa Bay kusikiliza maoni kuhusu mswada wa sheria juu ya picha za namna hiyo za watoto, zilizotengenezwa na mashine. "Nenda ukaseme."

Shemeji yangu, ambaye ndiye mkubwa wa boma, hakupenda. "Hakuna aliyeguswa," alisema. "Ukienda huko utamtangaza mtoto mpaka Oyugis. Tuliache lipoe."

Nilimuuliza mjukuu mwenyewe. Alikuwa anachambua mboga, hakuinua macho.

"Nenda, Dani," alisema. Ndivyo wajukuu wetu wanavyotuita mabibi. "Lakini usiseme ni mimi."

Nikaahidi. Ahadi hiyo ilinilemea kuliko nilivyotarajia, maana mimi ni mtu wa ushuhuda. Tangu ujana wangu katika ushirika wa waliookoka, tumefundishwa kutembea nuruni: unasimama, unataja jina lako, unasema yote, huachi kona ya giza. Nimeshuhudia hivyo maisha yangu yote. Ulimi wangu haukujua kusema nusu.

Nilikubali kwenda Homa Bay kwa sababu huko sijulikani. Dada yangu katika Bwana, anayeishi Rangwe, alinisubiri nje ya ukumbi. Mlangoni tuliandika majina kwenye daftari. Ndani, kila aliyepewa kipaza sauti aliambiwa kwanza ataje jina na anakotoka. Nikaona mistari miwili mbele yetu mama anayeuza nguo Awendo, ambaye duka lake liko hatua chache kutoka shule ya mjukuu wangu. Nikainamisha kichwa.

"Yule ananijua," nikamnong'oneza dada yangu. "Nikitaja jina, atajua ni mtoto yupi. Turudi."

"Wewe na kurudi hamjawahi kuwa marafiki," alinijibu. "Kaa."

Mzee mmoja aliyevaa koti alikuwa anazungumza. "Sasa tumfunge mtu kwa sababu ya mchoro? Kwenye picha hiyo hakuna mtoto. Ni kompyuta tu." Watu wachache walicheka.

Zamu yangu ikafika. "Bwana asifiwe," nikasema kwa mazoea, na nusu ya ukumbi ikajibu amina.

Mwenyekiti alitabasamu. "Mama, hapa si kanisani. Lakini amina. Jina na unakotoka?"

"Jina langu nimeliandika mlangoni. Naomba libaki kule."

Alimtazama karani wake. Kisha akasema, "Endelea, mama."

Maneno ya kumhusu mtoto yalikuwa tayari mdomoni, yote, kama nilivyozoea. Hapo Bwana akanipa jambo ambalo miaka yote ya ushuhuda sikuwa nimelielewa. Nuruni ninaingia na kosa langu. Jeraha la mtoto ni lake, sina ruhusa ya kulibeba mbele ya watu.

"Mimi ndiye niliyepiga picha ya mtoto," nikasema. "Nikaitandaza nje kama nguo iliyofuliwa. Aliyeichukua akaifanya uchafu. Mzee wetu anasema kwenye picha ile hakuna mtoto. Basi aniambie ni nani kila jioni ananirudishia sahani ya chakula ikiwa imejaa."

Hakuna aliyecheka. Mzee wa koti aliomba kipaza sauti tena. "Mama, nilikuwa nafikiria vibonzo," alisema. "Hili sikulifikiria. Nifutie maneno yangu."

Mwanasheria wa kamati, mwanamke kijana, akasoma kifungu kilichopendekezwa: ni kosa kutengeneza, kuweka au kusambaza picha ya namna hiyo yenye sura ya mtoto, hata kama imetengenezwa na mashine na mtoto hakuwahi kuguswa. Akauliza ningependa waongeze nini.

"Mtoto asitakiwe kusimama mbele ya watu kuthibitisha kwamba ule si mwili wake. Na jina lake lisitajwe."

"Rudia polepole, mama, niandike."

Nikarudia. Nikaiona kalamu yake ikienda. Nikaketi, nikalia bila aibu. Tulipotoka, yule mama wa nguo alinishika mkono. "Leo sijamwona mtu wa Awendo hapa," alisema, akaenda zake.

Mswada ungali na hatua mbele yake, na mambo ya aliyeitengeneza picha nimewaachia wanaohusika. Nina subira.

Jioni ile mjukuu wangu aliuliza, "Ulisema jina langu?"

"Sikulisema."

"Sasa ulisema nini muda wote huo?"

"Nilitubu."

Akacheka. "Dani, wewe unatubu hata njiani." Kisha akavuta sahani yake, akala, akaomba ya pili.

Haikuwa mara moja, lakini Jumapili moja alirudi kusoma, na kitambaa kile kile. Akina mama wote walikuwa wameacha simu mikobani. Nilimtazama kwa macho yangu tu, mpaka alipofika mwisho.

Nawe unayesoma, Mungu aufunike uso wa kila mtoto wa nyumba yako, akupe ujasiri wa kumsemea na hekima ya kumsitiri. Na mezani kwako isikose sahani ya pili.