Kiraka cha Tairi la Karani

Gari dogo la karani wa mgodi lilikuwa la pekee la namna yake upande wetu wa ziwa, na mimi sikulipenda. Lilikuwa la watu wawili, halina paa, limelala chini kiasi kwamba mbuzi akisimama mbele yake dereva haoni njia. Karani alilinunua kwa injinia mmoja aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Yeye mwenyewe alikuwa Mgoa kutoka Bara Hindi, mtu mpole, mwenye kuongea taratibu ofisini, lakini akishika usukani upole wote aliuacha nyumbani. Mimi nilikuwa fundi wa matairi katika karakana ya mgodi wa dhahabu kule Geita, miaka ya hamsini ikianza, na kila alipopita akitumwagia vumbi nilijua iko siku ataniletea kazi.

Aliniletea Jumanne. Barabara zetu zilishindiliwa mawe meupe yaliyotolewa chini mgodini, yenye makali ya chupa iliyovunjika, na mojawapo lilikuwa limechana tairi la nyuma kushoto, ubavuni, mpasuko wa urefu wa kidole cha kati. Tairi likitoboka pale linapokanyaga ardhi, fundi huwa na la kufanya. Likichanika ubavuni ndipo anapokuna kichwa, maana ubavu ndio unaojikunja na kujikunjua kila gurudumu linapozunguka.

Na muda wa kukuna kichwa haukuwapo. Mke wa karani alikuwa njiani. Walioana miaka minne nyuma, akamwacha kwao baada ya wiki mbili tu, akarudi kazini. Tangu hapo walijuana kwa barua. Sasa meli ingemfikisha Mwanza Ijumaa alasiri. Karani alikuwa amekwisha kumwandikia habari za gari na kumpelekea picha yake, naye alitaka mkewe akitoka gatini aingie humo moja kwa moja, waje Geita upepo ukiwapiga usoni. Aliniambia hayo yote huku akiifuta boneti kwa leso, na nikamwonea huruma kwa mara ya kwanza.

Tulilizunguka gari asubuhi nzima. Tairi la akiba lilikuwa kipara, nyuzi zimeanza kuchungulia. Alikuwa amelimaliza tangu masika. Nikaleta tairi la gari dogo la mizigo la stoo, rimu ikalikataa. La saizi yake lingetoka Nairobi kwa treni na meli, mwezi mzima ukiwa na bahati. Nikamwambia akiagiza aagize mawili, kwa sababu jipya na lililochakaa yakikaa pamoja nyuma, moja huku na moja huku, gari halitulii likikimbia.

"Fundi, mimi nina mke mmoja," akasema, "wewe unaniuzia matairi mawili."

Nikamkumbusha kwamba lori la mgodi huenda kila Ijumaa mpaka kivukoni, njia ya Mwanza. Akanitazama kana kwamba nimemshauri akambebe mkewe kwa toroli.

Ikabaki njia moja, nayo ni ile niliyokuwa naogopa aitaje. Unakata kipande cha tairi kuukuu la lori, unakichonga kingo mpaka ziwe nyembamba kama ganda la muhogo, unakipaka gundi na kukilaza ndani, kati ya mpasuko na tyubu. Upepo ukijaa, tyubu yenyewe inakikandamiza kisitoke. Malori yetu yalikuwa yanatembea na viraka vya namna hiyo miezi mingi. Lakini lori lina tairi nene na dereva asiye na haraka. Katika tairi jembamba la gari la mbio, ukingo wa kiraka huisugua tyubu polepole, na kadiri mzigo na mwendo unavyozidi ndivyo unavyosugua zaidi.

Alikitaja mwenyewe. Nikakichonga siku nzima ya Jumatano, nikakinyunyizia poda, nikakilaza. Sijawahi kuchonga kiraka vizuri kuliko kile. Alhamisi jioni akaja, akainama, akabonyeza ubavu wa tairi kwa kidole gumba kama anayenunua embe.

"Litafika Mwanza?"

"Litafika, Bwana Karani."

Hapo ndipo ninapojilaumu mpaka leo. Mimi ni mtu wa Didia, Shinyanga, na mama yangu alinilea akinikanya kwamba mtu anayekwenda kuchukua mke haambiwi neno la mkosi. Hata ng'ombe akichechemea siku hiyo, watu hutazama pembeni. Mbele yangu alisimama mtu wa namna hiyohiyo, macho yanamng'aa, suti nyeupe inamngoja nyumbani, na ulimi wangu ukafanya ulivyofundishwa. Tena sikusema uongo. Akiwa peke yake, gari jepesi, Mwanza lingefika. Nililonyamazia ni safari ya kurudi: watu wawili, masanduku yamefungwa nyuma juu ya tairi lile, mke amekaa upande uleule, na mume anayetaka kumwonyesha mbio.

Ijumaa asubuhi aliondoka akipiga honi. Mafundi wenzangu walimshangilia, mimi nikaenda kukaa nyuma ya tangi la maji. Nilijaribu kujiambia kwamba yule ni mtu mzima, kwamba hakuuliza habari za kurudi, kwamba kazi yangu ni kuziba na nimeziba. Nilipoona lori linapakia, nikaenda kwa dereva wake, mzee wa Tabora aliyepatana na kila mtu, nikamwamkia na kumwomba anipeleke kivukoni.

"Marahaba. Una nini, ngosha? Umefiwa?"

"Bado," nikamjibu. Alinisogezea nafasi, tukaenda mpaka tukaliona ziwa.

Bahati yangu pantoni ilikuwa ng'ambo, na watu walikuwa wamekaa kwenye mizigo yao wakiisubiri. Gari la karani lilikuwa la kwanza kwenye foleni. Aliponiona akatabasamu, akidhani nimekuja kumsindikiza.

"Bwana Karani, kwenda litafika," nikasema. "Kurudi na bibi na masanduku, sikubali."

Tabasamu likaondoka. "Jana ulisema nini?"

"Nilisema litafika."

"Na leo unasema hivi, nimeshavaa, nimeshatoka. Wewe ni mtu wa namna gani?"

Nikamweleza juu ya tyubu na ule ukingo, nikaeleza vibaya, maneno yakigongana. Aliniambia nina kijicho. Aliniambia nisingelijua gari la namna hii hata ningefanya kazi miaka mia. Wasafiri walikuwa wanasikiliza, naye alikuwa mtu wa heshima zake, na nikaona aibu kwa niaba yetu wote wawili. Pantoni ikagusa ufuko. Akashika usukani, akauachia, akaushika tena. Kisha akashuka, akanitupia ufunguo kifuani, akapanda kwa miguu pamoja na wenye makapu ya dagaa. Kule ng'ambo angetafuta basi la kumfikisha mjini. Lori lingelala palepale likisubiri mizigo ya Jumamosi, na ndilo lingewarudisha.

Mimi nikalirudisha gari Geita, peke yangu, kwa mwendo wa baiskeli. Tairi halikuninung'unikia hata kidogo. Nilipofika nikazunguka nikalitazama, limejaa vizuri, halina hata uvimbe, na kusema kweli nilitamani lingekuwa limepasuka.

Kesho yake mke wa karani aliingia Geita ndani ya lori, kati ya dereva na mumewe, vumbi kichwani, na nyuma magunia ya dagaa. Watu walicheka kwa wiki nzima. Karani hakunisemesha. Nikimwamkia ofisini siku ya mshahara, alisogeza karatasi bila kuinua uso. Gari likafunikwa turubai, na nilikuwa nikilipita kila siku najiuliza kama nilimharibia siku yake bure. Jambo moja tu lilinipa moyo: nilisikia ameagiza matairi mawili.

Yalifika baada ya mwezi. Akaja nayo karakana Jumamosi mchana baada ya king'ora cha kutoka kazini, pamoja na mkewe, ili wakitoka hapo wakatembee. Bibi alisimama mlangoni kwenye kivuli, mwembamba, ameshika mkoba kwa mikono miwili, akitutazama mafundi kwa woga wa ugeni. Karani akasimama juu yangu kunisimamia nisije nikakwaruza rimu.

Nikalitoa tairi, nikaivuta tyubu. Nilikuwa nimejiandaa kukuta haina kitu. Pale ulipokaa ukingo wa kiraka palikuwa na mstari, na katika mstari ule mpira umekwisha, umebaki kama ngozi ya kitunguu. Yote hayo ni kwa safari ile ya Ijumaa tu, kivukoni na kurudi, gari likiwa na mtu mmoja mmoja, hakuna sanduku, na nusu yake nilitembea kama mwenye mgonjwa nyuma. Nilimpa tu, kwa sababu tyubu ni yake.

Akaigeuza kwenye mwanga. Akabonyeza taratibu kwa kidole gumba, na kidole kikapita, kikatokea upande wa pili. Akakitazama kile kidole kimo ndani ya tundu. Halafu akaitua chini, akatoka bila kunawa, mikono imejaa poda na weusi wa mpira, akaenda mlangoni akamshika mkewe mkono mbele yetu sote. Mkewe aliona haya, akajaribu kuuvuta, akamwuliza jambo kwa lugha yao. Karani hakumwachia.