Sufuria ya Mama Kijiko

Kwa miaka thelathini na mmoja Mama Kijiko alikuwa mhudumu wa zahanati ya mtaa wetu. Hakuwa daktari wala muuguzi. Alifagia, aliosha vyombo, na alipoona wenye vyeti wanasinzia, akajifunza kazi zao. Kila shule zilipokaribia kufunguliwa alipita nyumba kwa nyumba na jiko dogo la mafuta ya taa, sufuria ya maji na kijiko kimoja. Mtoto aliambiwa aseme "aaa", ulimi ukabanwa kwa mpini wa kijiko, koo likakaguliwa. Kisha kadi ya chanjo ikaombwa. Mzazi ambaye mwanawe alipungukiwa dozi alisindikizwa zahanati Jumatatu asubuhi, apende asipende. Siku hizo watu waliuonea aibu uzembe wao. Sasa wanaupiga picha.

Matokeo ya ushamba huo ni kwamba dondakoo, ugonjwa uliokuwa ukiwanyonga watoto wa mtaa huu, ulitoweka hadi watu wakasahau jina lake. Shukrani hazikukawia. Wakubwa wa zahanati walimstaafisha kwa hotuba ndefu na saa ya ukutani iliyokata roho wiki ya pili. Mahali pake wakabandika tangazo lenye picha ya mtoto anayecheka na namba ya simu isiyopokelewa. Maendeleo hayo.

Aliishi katika nyumba yetu ya vyumba sita vinavyotazamana uani, pamoja na mwanawe dereva wa lori, mkwewe, na mjukuu wa miaka sita tuliyemwita Kasuku kwa jinsi asivyonyamaza. Kadi ya Kasuku ilikosa dozi mbili.

"Mwanangu, mpeleke mtoto," alimwambia mkwewe kila wiki.

"Nitampeleka, mama. Foleni ya pale si mchezo."

Foleni ya saluni aliimudu vizuri sana.

Ikatokea Mama Kijiko akasafiri siku nne kumuuguza dada yake. Siku ileile mtoto wa fundi cherehani, chumba cha pili, akashikwa na homa na koo. Baba yake akasema ni mafindofindo. Basi nyumba nzima ikamiminika kumpa pole, kila mama na wanawe. Zamani mgonjwa wa koo alitengewa chumba na kikombe chake; siku hizi hiyo inaitwa roho mbaya.

Mke wa fundi bomba wa chumba cha tatu, mwanamke asiyeshindwa na jambo, akaja na kijiko. Alikuwa amemwona Mama Kijiko mara nyingi, somo la nini tena? Akamkagua mgonjwa, akakifuta kijiko kwenye gauni lake, akawakagua wanawe wawili, akakifuta tena, akamwita Kasuku, kisha wengine watatu. Watoto saba, kijiko kimoja. Mimi nilikuwa kibarazani natengeneza redio. Nimejisomea vitabu vingi kuliko wote waliokuwa pale. Nikaguna, nikaendelea na redio yangu.

Mama Kijiko aliporudi alikuta shingo ya mtoto wa fundi cherehani imevimba hadi kidevu hakionekani. Akawasha tochi, akatazama. Utando wa kijivu ulikuwa umelifunika koo.

"Hii ni dondakoo. Tafuteni gari sasa hivi. Nani mwingine amekaa naye?"

"Usiwatie watu hofu, mama," akasema mke wa fundi bomba. "Hatukukaa bure. Tumewakagua wote kwa kijiko, kama wewe."

"Mlikichemsha kila mlipomaliza mtoto mmoja?"

"Kukichemsha?"

"Ile sufuria niliyokuwa nazunguka nayo, mlidhani ya nini?"

Mke wa fundi bomba akatazama pembeni. "Tulidhani ya chai yako."

Miaka thelathini na mmoja, na walichojifunza ni kijiko.

Mtoto wa fundi cherehani alifia mlangoni mwa hospitali. Hapo sina mzaha. Jioni hiyo wana wa fundi bomba wakaanza homa. Asubuhi yake Kasuku akanyamaza.

Mkwe alitoka chumbani na mtoto begani. "Mama, hata mate hawezi kumeza. Mama, nisamehe."

"Kadi kwanza. Daktari ataiulizia."

Kadi ilitoka kwenye mkoba wa vipodozi, ikinukia vizuri.

Kwa kuwa aliwahishwa hospitali, dawa ya kuzima sumu ya ugonjwa ilimkuta koo halijaziba. Siku kumi na moja Mama Kijiko alikaa kwenye benchi nje ya wodi ya waliotengwa. Sisi huku tulipangwa uani na wauguzi, tukapewa vidonge na sindano, mke wa fundi bomba akiwa mbele ya foleni, akitoa maelekezo. Wanawe, waliolazwa pia, walipona.

Kasuku alirudi na sauti ya kukwaruza. Jumatatu iliyofuata Mama Kijiko akaitoa sufuria chini ya kitanda. Jiko alilibeba mkwe, bila kuambiwa. Walianzia kwa fundi cherehani, aliyebakiwa na binti mdogo. Walipofika chumba cha mwisho, chao wenyewe, Kasuku alikuwa kwenye kigoda, mdomo umefungwa kabisa.

"Sema aaa."

"Bibi, yamechemka?"

"Yamechemka."

Akashuka kwenye kigoda. "Ngoja nione mwenyewe."