Katibu wa Wapagazi na Mkataba Usionywewa

Petero Nduwayo aliingia Tanzania kutoka Burundi mwaka 1972 kwa mtumbwi, akashukia kijiji cha Mwamgongo akiwa na miaka kumi na tisa na shati moja. Alivua dagaa kwa miaka miwili, akagundua kwamba ziwa linamtapisha, akahamia mtaa wa Rusimbi ili abebe mizigo bandarini Kigoma. Huko alibeba saruji na mawese kwa miaka ishirini bila kugombana na mtu. Wapagazi walipounda chama chao walimchagua kuwa katibu kwa sababu hiyo hiyo: wasemaji wazuri wote walikuwa hawasalimiani.

Ukatibu ulikuwa mwepesi mpaka mwaka 1996, wakimbizi walipojaa kwenye makambi ya njia ya Kasulu na mahindi ya msaada yakaanza kumiminika kwa treni. Gunia lilikuwa na kilo tisini na mgongo mmoja chini yake. Wanaume wawili walipoumia uti wa mgongo katika wiki moja, Petero aliandika barua: gunia moja, watu wawili. Haikujibiwa. Wapagazi wakakaa juu ya magunia.

Siku ya tatu ya mgomo, Petero alianza kuhesabu siku. Dada yake Aurore alikuwa kambini na watoto wanne, na chakula kilikuwa cha kugawiwa Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Mgomo ulikuwa wake; njaa ingekuwa ya dada yake.

Alhamisi asubuhi, meneja wa upakiaji, Mama Elinipa, mwenyeji wa Upareni, alikubali madai yote akatia sahihi. Petero aliwasomea wenzake karatasi kwa sauti. Hakuna aliyeinuka.

"Mmekunywa?" akauliza Mzee Telesphory, mpagazi mkongwe kuliko wote.

"Kunywa nini, Mzee? Tumetia sahihi."

"We Petero, mji umekuharibu! Watu wakipatana hunywa kibuyu kimoja, aliyekosa akitangulia. Karatasi haina mate. Kesho atasema hakuiandika yeye."

Wapagazi Waislamu wa Ujiji, ambao pombe kwao ni haramu, waliunga mkono hoja hiyo kwa ajili ya umoja wa chama.

Petero alirudi ofisini. Mama Elinipa alimsikiliza mpaka mwisho.

"Katibu, mimi ni Mlutheri. Sijaonja pombe tangu nizaliwe."

"Si pombe, mama. Tutatumia mutobe, maji ya ndizi yasiyochachushwa. Hata mtoto anakunywa."

"Kwa mrija mmoja?"

"Mmoja. Lakini wewe unatangulia."

"Una kifua kikuu?"

"Sina, mama."

"Haya, twende. Malori yananisubiri."

Mutobe ulinunuliwa kwa Rozalia, muuza vinywaji wa getini. Mama Elinipa alichuchumaa kando ya behewa na viatu vyake vya ofisini, akafyonza huku akitazama saa. Petero akafuata. Kisha kibuyu kikazunguka, Waislamu nao wakanywa.

"Haujachacha," alilalamika Mzee Telesphory, lakini akainuka.

Malori sita yaliondoka kabla ya jua kuzama. Petero alimwomba dereva mmoja, Nickson, amtafute Aurore.

Nickson alirudi Jumamosi asubuhi.

"Wamegawiwa jana. Dada yako kapata kwa watu watano. Anasema mahindi yana fukusi."

"Yanazo," alisema Petero, akashika ncha ya gunia lililofuata. Mzee Telesphory akashika ya pili.